Sabuni Tuliyoikana

Masika wangu,

Umetoka sasa hivi na sauti yako bado iko uani, ukimwambia koko, bibi yako, asikungoje kwa chakula. Vijana wa kwaya wamekuandalia maombi ya kukuaga, na maombi ya vijana najua huishia kwenye juisi na nyimbo, kwa hiyo nina muda kidogo. Nimekaa ndani ya karakana, juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na sabuni ya leo ambayo haijapoa. Mchana, ulipokuwa umekwenda kumuaga mama mdogo, kuna jambo lilitokea hapa. Nimemwomba koko asikuambie, ulisome kwanza kwa mkono wangu. Mama yangu amekubali, hata ameapa. Sisi wawili tunajua atashindwa kabla hujavua viatu, ndiyo maana naandika mbio.

Sitakuandikia juu ya barabara ya Beni, wala joto la kule, wala chandarua, wala watu wa kuogopa na watu wa kusalimia. Umeambiwa hayo na kila mtu aliyekanyaga ua huu wiki hii, hata umeanza kuitikia "ndiyo, mama" kabla hawajafungua mdomo. Nataka kukuandikia juu ya neno uliloniambia tulipokuwa tunaosha ndoo, ambalo sikulijibu.

Ulisema, "Mama, bakaguzi bakikuya, hapana ficha."

Nikaendelea kuosha. Ukangoja. Nikamwaga maji, nikachota mengine, nikaosha tena ndoo iliyokuwa safi. Ndipo ukasema, kwa sauti ya chini iliyoniuma kuliko kelele, "Miye nakwenda Beni sababu hapa niko napungua kila siku." Ukaingia ndani. Tangu hapo tumesemezana kuhusu sanduku na viatu, basi.

Ulikuwa na haki ya kuomba. Mpango wa serikali ya jimbo wa kusaidia biashara ndogo zinazokua umekuchukua kwa mafunzo ya mwaka mzima kule Beni, umeshinda watu wengi kwa akili yako mwenyewe. Lakini mashine ya kukanda na kukata sabuni, ile unayotaka kuiweka kule Ruwenzori karibu na mawese, hawatakupa mpaka wakaguzi wao waje hapa Butembo, bila kutoa habari, waione karakana kwa macho na waamini kwamba inakua. Wasipoiona, utarudi na cheti cha kutundika ukutani. Kwa hiyo mwaka wako wote ulikuwa umening'inia kwenye lango letu, na mwenye kulifungua ni mimi. Ungekuwa na mama mwingine usingeogopa.

Ukimya wangu haukuwa kukataa. Sikujua mikono yangu itafanya nini siku hiyo. Mikono hii ilijifunza kazi yake kabla sijajua kusoma.

Baba yangu, ambaye ulimwona akiwa mzee na mgonjwa tu, alikuwa akiuza chumvi na vitenge. Alikuwa na stoo tatu katika mji huu na koti moja. Koti lilikuwa limechanika kwapani, na koko alikatazwa kulishona. Ungemwona akipita ungempa sadaka. Stoo zake hazikuwa na rangi wala jina. Mbele bati lenye kutu, nyuma chumvi mpaka darini. Mimi nilipewa kazi ya kukaa mbele na kucheza na mawe, na nikiona mtu mwenye kalamu mfukoni, nianze kuimba wimbo wa shule ya Jumapili. Nilidhani kila mtoto ana kazi hiyo. Labda kila mtoto wa mtaa wetu alikuwa nayo kweli.

Usimcheke. Aliporwa na watu wenye silaha, na mara nyingi zaidi na watu wenye mihuri. Kila kilichojengwa katika mji huu alikiona kikijengwa na michango ya wenyeji, mawe ya mtu huyu na saruji ya yule, na kila kilichochukuliwa alikiona kikichukuliwa na mtu mwenye karatasi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba kuonekana ni jambo zuri.

Halafu nikasoma. Ulikuwa mgongoni mwangu nilipokuwa nasoma uchumi, baba yako ameshatutangulia, na profesa mmoja alikuwa akisimamisha somo ukilia, anasema, "Tungoje mademoiselle amalize swali lake." Kazi yangu ya mwisho niliandika juu ya nini? Juu ya msaada wa serikali ya jimbo kwa biashara ndogo. Niliandika kwamba biashara zetu hubaki ndogo kwa sababu zinajificha, na zinajificha kwa sababu hazijawahi kuona serikali inayokuja na kitu mkononi. Nilisimama mbele ya juri nikasema hayo kwa Kifaransa kizuri, wakanipa distinction, daraja la juu. Baba alikuwa amekaa mstari wa nyuma na koti lake. Tulipotoka akanishika bega.

"Umesema muzuri sana," akaniambia. "Sasa hapana sema tena."

Nilicheka. Nilijiona nimevuka mto ambao yeye alibaki ng'ambo yake. Kuandika juu ya jambo kulinifanya niamini kwamba limekwisha kunitoka mwilini. Katika makosa yangu yote, Masika, hilo ndilo lililozaa mengine, na nakuambia wewe kwa sababu una kichwa kama changu, kinachoelewa upesi.

Siku ya maharagi unaikumbuka. Ulikuwa bado kwenye shule ya msingi. Kuna kitu kimoja hukukijua: wale watu niliwaita mwenyewe. Ulikuwa mpango huu huu, katika mwanzo wake. Nilikuwa nimeandika ombi, nikaeleza kazi yetu, nikawakaribisha waje waone. Wakakawia mpaka nikaacha kuwafikiria. Halafu siku moja, tukiwa katikati ya kukoroga, Kambale akaingia mbio. Alikuwa kijana mwembamba wakati ule, hana hata mke, lakini mwiko ulikuwa tayari wake.

"Leta! Leta iko ku barabara! Pikipiki moja, batu mbili, beko na makaratasi!"

Sisi hapa serikali tunaiita Leta, kana kwamba ni mtu mmoja, mkwe asiyependwa ambaye huja wakati wa chakula. Hakuna aliyeuliza ni Leta gani. Hata mimi, mwenye distinction. Vijana wakatorokea nyuma, kwenye mikaratusi. Masanduku ya sabuni yakaingia chini ya vitanda, na lile lililokosa nafasi tukakukalisha wewe juu yake na daftari lako. Pipa lilikuwa motoni, halikuweza kwenda popote. Koko akalifunika kwa bati na majani ya ndizi, akajifunga kitenge kichwani ovyo ovyo, akaketi chini kando ya moto, na uso wake ukaanguka. Sijawahi kuona mtu anafiwa haraka namna ile.

Wakaingia mwanamke mnene mwenye sauti laini na kijana mwenye miwani.

"Pole, mama," mwanamke akasema. "Tunakuta kilio?"

"Kilio," koko akajibu. "Tunapika maharagi ya bageni."

Kijana akanusa. "Lakini, koko, maharagi inanuka sabuni."

"Tunafua pia. Mufu aliacha nguo mingi."

Mwanamke akamkanyaga mwenzake mguu, nilimwona. Akatuambia kwa heshima kwamba wametoka kwenye mpango wa jimbo, kwamba hawakusanyi kitu chochote, wanamtafuta tu mama mmoja wa mtaa huu anayetengeneza sabuni. "Aliandika ombi muzuri sana," akasema. "Tulipenda kumuona."

Hapo, Masika. Wakati koko anafunika pipa sikuwa na kosa, au nilikuwa na kosa la watu wote wa hapa. Lakini pale nilikuwa nimekwisha kujua. Wale walikuwa watu niliowaandika katika kazi yangu, wale wa kuja na kitu mkononi, wamesimama kwenye ua wangu na vumbi la barabara kwenye viatu. Ilitosha kucheka na kuinua bati. Lakini kuinua bati kulikuwa kumfufua maiti ambaye hakuwapo, na kumwita mama yangu mwongo mbele ya Leta. Niliona haya. Haya ile ndogo, ya muda wa kumeza mate. Nikasema, "Ule mama alihama."

Wangekwenda zao, tungesahau. Lakini mwanamke yule alilelewa vizuri, hakuweza kuondoka kwenye msiba mikono mitupu. Akaomba ruhusa, akaenda kwenye kioski cha jirani, akarudi na sabuni, kama tunavyowapelekea wafiwa. Mche wetu. Na nyota yetu, alama ya karakana, juu yake. Akampa koko kwa mikono miwili.

"Hii sabuni ni muzuri," akasema. "Batu ya hapa yote banaipenda. Inatoka wapi?"

"Uganda," koko akasema, akanitazama.

"Ndiyo," nikasema. "Ya Uganda. Inapitia Kasindi."

Na wewe, juu ya sanduku lako: "Mama, ni yetu. Nyota ni yetu."

Nikacheka mbele ya wageni, nikasema batoto ni batoto, nikakushika mkono juu ya kiwiko. Sikukuumiza. Nilikushika tu mpaka uliponyamaza.

Walipoondoka tulifunua pipa. Sabuni iliyoachwa katikati haisamehe: mafuta yalikuwa yamepanda juu, maji makali yamebaki chini, na Kambale alikoroga mpaka mabega yakamtetemeka, haikushikana tena. Tuliimwaga shimoni. Jibu la mpango lilikuja baadaye, fupi na la haki: karakana haikuonekana.

Hadithi hii tumeicheka miaka mingi. Koko huisimulia kwenye harusi, na kila mwaka maiti wake anapata ukoo mpya. Nafikiri umeshagundua kwamba mimi hucheka mpaka pale kwenye nguo za marehemu, halafu nakumbuka kitu jikoni.

Mashine niliyoikosa siku ile hainisumbui. Kinachonisumbua ni mwalimu wako wa mwaka uliofuata. Alinisimamisha baada ya ibada, akaniambia kwa upole kwamba kanisa linaweza kutusaidia karo. Nikashangaa. Kumbe alikuwa ameuliza darasani kila mtoto aseme kazi ya mzazi wake, na wewe ulisimama ukasema, "Mama hana kazi. Tunakaa tu." Hukusita, alisema. Ulimtazama machoni. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani kwa njia ndefu. Nilikuwa nimekufundisha vizuri kuliko baba alivyonifundisha mimi. Mimi angalau nilihitaji wimbo.

Nikupe jambo moja ambalo sikulisoma mahali popote. Unajua kwa nini masanduku yetu ya kumimina sabuni ni mafupi kuliko ya mafundi wengine? Umewahi kuniuliza, nikakuambia sabuni hukauka vizuri hivyo. Haikauki vizuri hivyo. Masanduku yalipimwa kwa vitanda. Seremala aliniuliza urefu, nikampeleka chumbani. Mapipa ni matatu kwa sababu la nne halina pa kufichwa. Ile shule ya bweni iliyotaka sabuni ya wanafunzi wote nilikataa, nikasema hatuna mawese, na mawese yalikuwepo. Ilitaka lori lisimame mbele ya lango mchana. Karakana yetu ilikua mpaka ikafika urefu wa kitanda, ikasimama hapo, na mimi nikawa nalaumu bei ya soda kali ya kupikia sabuni na barabara mbovu. Nililaumu vita pia, na vita inastahili lawama nyingi, lakini si hiyo.

Ukifika Beni jiangalie hapo kuliko mahali pengine. Mtu akikuibia utajua. Lakini siku utakayojikuta unachagua kitu kidogo, na una sababu nzuri sana ya kukichagua, kaa chini uitazame ile sababu mpaka ichoke.

Sikuambii kwamba Leta amekuwa rafiki. Yule mama wa Kasindi tunayemnunulia soda kali alipewa mashine ya kusaga mahindi na mpango mwingine, wakapiga picha, wakapiga makofi. Mashine ilitaka umeme wenye nguvu ambao mtaa wake haujawahi kuuona. Sasa anapanga ndizi juu yake. "Ni meza ya bei kali kupita zote Kasindi," aliniambia, "na haina hata droo." Kwa hiyo uliza. Uliza umeme gani, vipuri vinatoka wapi, fundi anakaa mtaa gani, akihama je. Uliza hata wakiona unawachosha. Mimi niliandika kurasa nyingi juu ya misaada ya namna hii na sikumuuliza hata mtu mmoja aliyeipokea anaitumiaje.

Na utawakuta wale wa upande wa pili, wanaoazima wafanyakazi wa jirani siku ya ukaguzi na kupaka rangi mapipa matupu. Usiwadharau haraka. Ni ndugu zetu. Wao pia hawaamini kwamba kitu chao, kama kilivyo, kinaweza kutazamwa na mtu.

Sasa jambo la leo.

Tulikuwa tumeshamimina soda kali kwenye mawese, Kambale yuko kwenye mwiko, nikasikia pikipiki inapunguza mwendo mbele ya lango. Kambale akanitazama. Hakulitamka lile neno, lakini mwiko ulisimama. Vijana wawili walikuwa tayari wamelishika sanduku, mmoja huku mmoja kule, wakingoja tu kidevu changu kionyeshe chumbani. Koko alikuwa amesimama na kitenge mkononi.

"Ni nani alikufa?" akaninong'oneza, tayari kabisa.

"Hakuna mutu alikufa, mama. Kaa."

"Kahindo. Ukimufungulia Leta mulango leo, kesho atakuya na batoto yake yote."

"Najua. Kaa."

Hakukaa. Lakini hakujifunga kitenge pia.

Ningependa kukuambia kwamba nilitembea mpaka langoni nikiwaza jina lako. Ukweli ni kwamba kitu cha kwanza nilichowaza ni sabuni: kwamba iko katikati, na siwezi kuvumilia kumwaga pipa jingine. "Koroga," nikamwambia Kambale. Wewe ulinijia baadaye kidogo, nilipokuwa nimeshika komeo: si wewe wa sasa, yule wa juu ya sanduku, na kiwiko chako. Nikafungua mbawa zote mbili za lango. Hiyo ya kushoto ilikuwa imeshikana kwa kutu, ikabidi mgeni anisaidie kuisukuma kutoka nje.

Walikuwa msichana wa umri kama wako na baba mmoja mzee mwenye kofia ya sufu. Msichana akauliza, "Munapikaka mara ngapi kwa juma?" na mdomo wangu, naapa, ulikuwa umeshatengeneza "mara moja". Nikameza. Nikasema kila siku ya juma isipokuwa Jumapili. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Kichwa cha jirani yetu Mama Kavira kikatokea juu ya ua.

Akauliza tuko watu wangapi. Nilimwonyesha mmoja mmoja kwa jina, na kila niliyemtaja alijifuta mikono. Vijana wakaliweka sanduku chini pale pale lilipokuwa. Akauliza mawese yanatoka wapi, nani ananunua, kwa nini hatuuzi Beni. Nikajibu. Kadiri nilivyojibu nilikuwa nasikia jasho likishuka mgongoni, na wakati huohuo kitu kama njaa, nataka aulize zaidi.

Kisha yule mzee akasema, "Na masanduku? Sababu gani iko mafupi hivi?"

Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo isipokuwa wewe. Nikamwambia. Nikampeleka chumbani, nikamwonyesha vitanda. Akainama na magoti yake ya uzee, akatazama chini ya kitanda cha koko, akabaki ameinama muda mrefu mpaka nikaogopa.

"Kwetu Lubero," akasema akiinuka, "baba alikuwa anaficha ng'ombe."

"Wapi?" koko akauliza upesi, kama fundi anayemuuliza fundi.

"Mu chumba ya bageni. Leta akikuya, dada yangu anapiga ngoma, ili ng'ombe isisikike."

Koko akampenda papo hapo. Na alipompenda, akaharibika. Akamshika mkono, akaanza: sabuni hii inajulikana Kampala, inajulikana Kinshasa, kuna mzungu alikuja kuitafuta na helikopta. Msichana alikuwa anaandika.

"Hapana andika ile," nikasema. "Mama!"

"Ulisema nisifiche."

"Sikusema uongeze."

"Miye naficha ao naonyesha," koko akasema. "Ile ya katikati sijue."

Kambale alicheka mpaka akalazimika kumpa mwenzake mwiko. Hata mimi. Na Mama Kavira juu ya ua hakucheka. "Kumbe!" akapaza sauti. "Kumbe muko na kazi kama hii, na miye nilikuwa nawaleteaka viazi ya huruma!" Alikuwa na haki. Nilivipokea viazi vyake miaka mingi nikiinamisha kichwa kama mjane maskini, na baada ya kufunga barua hii nitakwenda kwake, na sijui nitaanza na neno gani.

Msichana aliuliza swali la mwisho akiwa amekwisha kuinuka. "Mwenye kazi hii ni nani?"

"Ni mimi," nikasema. "Mimi na mutoto yangu Masika. Kesho anakuya kwenu."

Masika, hawakusema ndiyo. Walisema jibu litakufuata kwenye mafunzo. Inawezekana wakaona tumechelewa, au soko letu ni jembamba, au kuna wengine wanaokua kuliko sisi. Ikiwa hivyo utalia, na nitalia nawe kwenye simu. Lakini safari hii watakuwa wamekataa kitu walichokiona, na kitu kilichoonekana kinaweza kuombewa tena.

Walipoondoka, mtu mmoja ambaye simjui alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara akitazama bati letu, halafu moshi, halafu vijana. Huenda alikuwa mpita njia. Huenda Jumatatu atarudi na mhuri. Nimeamua kumtangulia, nitakwenda mwenyewe kwenye bureau ya watu wa kodi, niulize kinachotakiwa kwa halali na nidai risiti. Siwezi kukuambia kwamba siogopi. Nimetoka langoni mara tatu jioni hii kuangalia kama yupo, na nikirudi naliacha wazi, na Kambale anapita nyuma yangu analifunga, na mimi nalifungua.

Uliniambia unakwenda kwa sababu hapa unapungua. Sina jibu la kuyarudisha maneno hayo, na sitaki kuyarudisha. Lakini naomba uende kwa sababu nyingine, yoyote utakayoipenda: kwa sababu kule mawese ni karibu, kwa sababu una akili, kwa sababu umechoka na baridi ya hapa. Usiende ukinikimbia. Mtu anayekimbia hubeba haraka haraka, na kitu cha kwanza anachobeba ni kile alichokizoea mkononi. Mimi nilimkimbia baba mpaka chuo kikuu na nikafika nikiwa nimevaa koti lake.

Kesho dereva atapiga honi mapema. Unajua desturi yangu: kabla ya kutoka barabarani navua nguo za kazi, nanawa mikono kwa ndimu, navaa kitenge kilichopauka, ili watu wamwone mama asiye na kitu. Kesho sitabadilisha. Nitatoka nawe hivi nilivyo, na aproni, mawese mpaka magotini, nimebeba begi lako mbele ya mtaa wote. Wakiuliza unakwenda wapi, ujibu wewe. Wakiuliza mimi nafanya kazi gani, nitajibu mwenyewe.

Mama yako,
Kahindo